KUPUNGUZA UZITO SI KUJITESA KWA NJAA
Maelezo kwa mfanyakazi aliyeshauriwa kupunguza chakula



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, zamu, nyumba na ajali za kazini. Safari hii tunazungumza juu ya sahani ya mfanyakazi, kwa sababu sahani nayo, ikitumiwa vibaya, inaweza kuleta ajali.

Siku hizi si jambo geni kwa mfanyakazi wa kiwandani au wa shamba kubwa kwenda zahanati kwa ajili ya maumivu ya kichwa au kiu isiyokwisha, akapimwa, akaambiwa ana shinikizo la damu au kisukari. Anapewa vidonge. Kisha anaambiwa, "Punguza uzito." Foleni ni ndefu, mganga ana wagonjwa wengine, na huyu ndugu anarudi nyumbani na maneno hayo mawili tu. Basi anafanya anavyojua mwenyewe. Anaacha chakula cha asubuhi. Anaacha cha mchana. Anakunywa chai ya rangi na maji. Vidonge anameza kama alivyoandikiwa, na kazi anafanya kama kawaida. Siku ya tatu au ya nne anaona kizunguzungu. Akiwa ameketi ofisini atainamisha kichwa mezani. Lakini akiwa mbele ya mashine ya kusuka nguo, juu ya trekta, au ameshika panga katikati ya miwa, mambo ni mengine.

Makala haya yanaeleza namna ya kupunguza uzito bila kuhatarisha maisha. Neno letu kubwa ni hili: chakula hupunguzwa kwa kipimo, na mwenye kutumia dawa hapunguzi chakula kabla dawa zake hazijaangaliwa upya na mganga.

NANI APUNGUZE, NANI ASIPUNGUZE

Usihukumu kwa macho. Pima. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawe tena kwa urefu ule ule. Tuseme mtu ana kilo 82 na urefu wa mita 1.65. Ukigawa mara mbili unapata 30 na kidogo. Kwa mtu mzima, hesabu ya 18.5 mpaka chini ya 25 ni ya kawaida. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 ni unene wa kuhatarisha afya.

Wapo wasiopaswa kujipunguza hata kidogo bila amri ya mganga: mama mjamzito, mama anayenyonyesha, kijana ambaye bado anakua, mgonjwa wa kifua kikuu, na mtu ambaye tayari ni mwembamba. Wakata miwa wengi wako katika kundi hili la mwisho. Shida yao ni kupata chakula cha kutosha.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa sana. Ikiwa unakonda na hukukusudia kukonda, usifurahi. Kukonda bila sababu kunaweza kuwa dalili ya kifua kikuu, ya kisukari, ya virusi vya UKIMWI au ya ugonjwa mwingine. Nenda ukapimwe. Mficha maradhi kilio humfichua.

KALORI NI NINI

Kama vile injini inavyochoma dizeli, mwili huchoma chakula. Nguvu iliyomo ndani ya chakula hupimwa kwa kipimo kiitwacho kalori. Gramu moja ya wanga au ya sukari hutoa kalori 4. Gramu moja ya protini, yaani chakula cha kujenga mwili, hutoa kalori 4 vilevile. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Gramu moja ya kileo hutoa kalori 7, ndiyo maana pombe hunenepesha hata ikiwa mnywaji hakula kitu.

Mwili unapopata nguvu nyingi kuliko unazotumia, huweka akiba ya mafuta. Unapopata pungufu, huchota katika akiba. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori kama 7700 hivi. Kwa hiyo mtu anayepunguza kalori 500 kila siku atapunguza karibu nusu kilo kwa wiki. Ni mwendo wa polepole, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Mahitaji hayalingani. Karani anayeketi kutwa anaweza kutosheka na kalori 2200 hivi. Mkata miwa anaweza kutumia zaidi ya kalori 3500 kwa siku ya kazi. Kwa sababu hii, mpango wa chakula uliotengenezwa kwa ajili ya karani unaweza kumwangusha mkata miwa. Usiazime mpango wa jirani.

YALIYOWAPATA WENGINE

Njaa ilichunguzwa zamani. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, wataalamu wakiongozwa na Ancel Keys waliwachukua vijana 36 wenye afya njema, waliojitolea kwa hiari yao. Kwa muda wa wiki 24 walipewa kalori kama 1570 kwa siku: viazi, mkate, kabichi na kadhalika. Kazi yao haikuwa ya sulubu, ingawa walitakiwa kutembea karibu kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Nguvu zilikwisha. Walisikia baridi hata siku ya joto, wakawa wakali na wazito wa moyo, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Angalia vizuri: watu hao walikuwa wakila kila siku. Hawakuwa wamefunga. Chakula kilikuwa pungufu tu kwa miili yao, na kwa muda mrefu.

Mfano wa pili ni mbaya zaidi. Mwaka 1976 na 1977, huko huko Marekani, watu wengi walishika desturi ya kuacha chakula chote na kunywa maji ya protini yaliyouzwa madukani, yaliyotengenezwa kwa ngozi na mabaki mengine ya wanyama. Kwa siku walipata kalori zisizofika 400. Walikonda upesi. Lakini vifo karibu 60 viliripotiwa, na baadhi yao walikufa ghafla kwa sababu mapigo ya moyo yalivurugika. Moyo ni msuli. Ukikosa protini nzuri na chumvi za mwili kama potasiamu, huchoka kama msuli mwingine wowote.

Mfano wa tatu ni wa kutia matumaini. Nchini Uingereza, huko Uskoti na Tyneside, ulifanywa uchunguzi ulioitwa DiRECT, na matokeo yake ya kwanza yalitangazwa mwaka 2017. Watu 149 wenye kisukari cha ukubwani, ambao hawakuwa wakitumia sindano za insulini, walipewa chakula maalumu cha kalori 825 mpaka 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka mmoja, watu 68 kati yao hawakuwa tena na kipimo cha kisukari, wala hawakuwa wakimeza dawa za kisukari.

Je, watu wa Minnesota na wa Uskoti walitofautiana wapi, ikiwa wote walikula kidogo? Hawa wa Uskoti walikuwa na uzito uliozidi, kwa hiyo walikuwa na akiba ya kuchota. Chakula chao kilikuwa na protini, vitamini na chumvi zote zinazohitajiwa. Dawa zao za kisukari na za shinikizo la damu zilisimamishwa na waganga siku ile ile ya kuanza. Walionwa mara kwa mara. Na chakula cha kawaida kilirudishwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ukiondoa usimamizi huo, kinachobaki ni njaa tu.

Kwa hiyo tunasema wazi: chakula cha kalori chini ya 800 kwa siku ni tiba ya hospitali. Mtu asijiandikie mwenyewe. Hata katika mpango wa kawaida, bila usimamizi wa mganga, mwanamume asishuke chini ya kalori 1500 wala mwanamke chini ya 1200. Na mwenye kazi ya sulubu abaki juu zaidi ya hapo, apunguze kama 500 tu katika yale anayotumia.

KALORI 500 ZINATOKA WAPI

Huna haja ya kununua chakula cha kizungu. Tazama unachokula sasa. Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa kiwandani anayekunywa chai vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vinne vya sukari, na soda moja saa ya mapumziko.

Chai: akitia kijiko kimoja badala ya vinne, ameacha vijiko tisa kwa siku. Ni kalori kama 145.

Soda: akiacha chupa moja ya mililita 300 na kunywa maji, ameacha kalori kama 130.

Mafuta: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Akipunguza kijiko hicho katika fungu lake la mboga, ameacha hizo.

Ugali, ambao wengi wetu huku tunauita posho: akipunguza unga wa gramu 30, yaani tonge chache tu, ameacha kalori kama 105.

Jumla ni kalori 500. Hakuacha mlo hata mmoja. Maharagwe yake hayakuguswa, wala dagaa wake. Tena mfuko wake umepumua, kwa sababu soda na sukari si za bure.

Wiki ya kwanza unaweza kuona mizani imeshuka sana. Usidanganyike; sehemu kubwa ni maji. Baadaye mwendo utapungua, na baada ya miezi kadhaa utapungua zaidi, kwa sababu mwili mdogo hutumia nguvu kidogo. Usikate tamaa, wala usiongeze njaa. Mtu wa kilo 82 akipunguza kilo 4 mpaka 8 na kuzishikilia, shinikizo la damu na sukari yake huweza kupata nafuu kubwa. Halazimiki kurudia umbo la ujana wake.

NAMNA YA KUPANGA SAHANI

Kumbuka mafundisho ya zamani ya makundi matatu: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Anayepunguza uzito hupunguza kundi la kwanza, hashiki la pili, na huongeza la tatu.

Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, kabichi, majani ya kunde, bilinganya, nyanya. Robo iwe chakula cha kujenga mwili: maharagwe, kunde, samaki, dagaa (yaani mukene), yai, au nyama isiyo na mafuta mengi. Robo iliyobaki iwe ugali, matoke, mihogo, viazi au wali. Mwenye kazi ya sulubu aongeze katika robo hii ya mwisho. Karanga ni chakula kizuri, lakini gramu 100 zake zina kalori karibu 570. Basi tia kiganja kidogo, usimalize mfuko.

Usiende kazini na tumbo tupu. Wengi huanza kazi saa kumi na mbili asubuhi bila kutia kitu mdomoni, wakijisifu kwamba wamepunguza mlo. Mtu huyo huyo jioni hukuta sufuria na kula ya watu wawili. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Uji kikombe kimoja na yai, au kiporo cha maharagwe na kipande cha muhogo, vitakufikisha saa ya mapumziko na akili yako ikiwa timamu.

Kunywa maji. Katika jua la shambani au joto la chumba cha mashine mwili hupoteza maji mengi kwa jasho. Anayekula kidogo hupata maji kidogo kutoka katika chakula pia. Mkojo ukiwa mweusi kama chai, maji hayatoshi.

Jihadhari na vidonge, majani na chai za kupunguza uzito zinazouzwa masokoni na kwenye mabasi. Baadhi yake ni dawa za kuharisha tu. Zinatoa maji na chumvi mwilini. Mafuta zinayaacha palepale.

MWENYE KUTUMIA DAWA

Hapa tunaomba msomaji asome mara mbili.

Dawa ya kisukari hupimwa kulingana na chakula unachokula. Ukipunguza chakula na dawa ikabaki ile ile, sukari ya damu inaweza kushuka kupita kiasi. Hatari hii ni kubwa kwa wanaotumia sindano ya insulini na vidonge kama glibenklamidi. Dawa ya shinikizo la damu nayo, uzito ukipungua, inaweza kuwa kali mno. Mtu anasimama na kuona giza. Vidonge vya kukojoza hutoa maji na potasiamu.

Usitupe dawa kwa uamuzi wako. Nenda kwa mganga kabla ya kuanza, umwambie: "Nataka kupunguza chakula kiasi hiki, dawa zangu zibaki hivi au zibadilishwe?" Anayetaka kufunga, kwa mfano mwezi wa Ramadhani, naye aulize mapema swali hilo hilo.

Sukari ikishuka utaona haya: jasho baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, maneno kuchanganyika. Watu wengine huonekana kama walevi, na nyapara asiyejua huwafukuza kazini. Simamisha mashine. Kaa chini. Kunywa nusu chupa ya soda yenye sukari, au maji yenye vijiko vinne vya sukari. Ngoja dakika 15. Kama hujapata nafuu, rudia. Ukipata nafuu, kula chakula, kisha uende zahanati siku hiyo hiyo. Kama mwenzako amezimia, usimtie kitu mdomoni, atasongwa. Mlaze kwa ubavu na mkimbizeni hospitali.

DALILI ZA KUKUSIMAMISHA

Acha mpango wako na umwone mganga ukiona mojawapo ya haya: kuzimia au kukaribia kuzimia, moyo kuruka mapigo, maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu, maana kukonda upesi huweza kuleta vijiwe vya nyongo, kutapika kusikokoma, udhaifu unaozidi kila siku, au hedhi kukatika kwa mwanamke ambaye hana mimba.

Na aliyekaa siku nyingi karibu bila chakula asirudie sahani kubwa kwa ghafla. Chumvi za damu huweza kubadilika upesi na kuudhuru moyo. Arudishwe polepole, tena hospitalini.

KAZI YA CHAMA

Pengine utasema jambo la uzito ni la mtu binafsi na chama hakina nafasi. Fikiri tena. Nani anachagua chakula cha kantini? Nani anapanga saa ya mapumziko? Nani anaamua kwamba maji ya kunywa yawe mita 50 au kilomita mbili kutoka pale unapofanya kazi? Mfanyakazi hawezi kufuata shauri la mganga ikiwa kantini inauza soda na mandazi peke yake.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, katika Pendekezo lake namba 102 la mwaka 1956, lilieleza juu ya huduma za ustawi kwa wafanyakazi, pamoja na kantini na mahali pa kulia chakula. Wawakilishi wetu wanaweza kulishika mkononi wanapoketi na waajiri. Mambo ya kudai hayana gharama kubwa: mizani na kipimo cha presha katika zahanati ya kazini, maharagwe na mboga za majani kila siku kantini, maji safi karibu na kazi, ruhusa ya kwenda kupimwa bila kukatwa mshahara, na kazi nyepesi, ya chini, mbali na mashine, kwa mfanyakazi ambaye dawa zake zinabadilishwa.

Wewe nawe una wajibu. Mwambie mwenzako mmoja wa zamu yako kwamba una kisukari na kwamba unapunguza chakula. Mwonyeshe mahali unapoweka sukari yako. Si aibu. Siku utakapotetemeka, yeye ndiye atakayejua kwamba hukulewa.

Ukiwa umeambiwa "punguza uzito", usiondoke zahanati kabla hujauliza maswali manne: Nipunguze kilo ngapi? Kwa muda gani? Dawa zangu zibadilishwe? Nirudi lini kupimwa? Yaandike kwenye karatasi kama unaogopa kusahau, na kama huwezi kuandika, nenda na mtu. Mganga ana haraka, lakini dakika tano za maswali ni nafuu kuliko mkono uliokatwa na mashine.